Alisema "Kwao", Nikaona Kwingine

Wiki tano za kununiana, filamu moja ya ajabu, na sanduku la mapazia juu ya kabati

Mpenzi msomaji, umewahi kulala kitanda kimoja na mtu ambaye hamjazungumza wiki tano? Si kwamba hamsemi kabisa. Mnasema. "Gesi imeisha." "Ada ya mtoto mwisho Ijumaa." "Maji yako bafuni." Maneno ya kazi tu, kama makarani wawili waliopangiwa meza moja. Hivyo ndivyo tulivyokuwa mimi na mume wangu mwanzoni mwa Novemba 2024, jioni ile mdogo wangu wa kiume alipokuja kututembelea na kompyuta yake kwapani.

Huyu mdogo wangu ni mpenzi wa filamu za ajabu ajabu. Mimi ugonjwa wangu ni tamthilia za Kikorea, na mume wangu ni filamu za vita, zile za mtu mmoja anamaliza jeshi zima na shati halijachafuka. Kijana akaona tumenuna, akajifanya hajaona. Akachomeka waya kwenye televisheni, akasema: "Dada, shemeji, leo mnaangalia hii na mimi. Atakayesinzia ananunua chipsi."

Filamu yenyewe inaitwa The Fall. Iliongozwa na Tarsem Singh, mzaliwa wa India aliyejijengea jina kwa matangazo ya biashara na video za muziki. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2006, ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani 2008, kisha 2024 ikasafishwa upya na kurudi kwa watazamaji. Ilichukua kama miaka minne kuipiga, katika nchi zaidi ya 20, na fedha nyingi zilitoka mfukoni mwa Tarsem mwenyewe.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Tupo Los Angeles, miaka ya mwanzo ya sinema, hospitalini. Kuna binti mdogo, Alexandria, aliyevunjika alipoanguka akichuma machungwa. Kuna kijana, Roy, anayeigiza vituko vya hatari kwenye filamu; ameruka, ameumia, miguu haifanyi kazi, na mpenzi wake amechukuliwa na nyota wa filamu ileile. Roy anaanza kumsimulia mtoto hadithi ya mashujaa wanaomsaka gavana mmoja mkatili. Roy anasema, na sisi tunaona kile mtoto anachokiona kichwani.

Na jamani, alichokiona! Machanga mekundu ya Namibia. Tembo anaogelea baharini kwenye Visiwa vya Andaman, tunamwona kwa chini, miguu inapiga maji kama anacheza. Jodhpur kule Rajasthan, mji wenye nyumba za buluu zilizobanana hadi jicho linaishia. Kisima cha kale cha Chand Baori chenye ngazi za mawe zinazoshuka kama zimechorwa kwa rula. Mavazi yalibuniwa na Eiko Ishioka, mama wa Kijapani aliyewahi kushinda Oscar kwa mavazi ya Dracula, na kila vazi lilinifanya nitamani kuigusa televisheni. Mdogo wangu akasema sehemu hizo zipo kweli duniani, hazikutengenezwa na kompyuta.

Mimi nikawa nasema tu "Mungu wangu, angalia hiyo rangi!" Mume wangu, ambaye maishani mwake haoni jengo bila kulipigia hesabu, akawa ananung'unika kivyake: "Hizo ngazi zimekula mawe mangapi?" Alipoambiwa kwamba mwongozaji alitumia hela yake mwenyewe, akashika kichwa. "Mtu mzima anatoa hela mfukoni ili tembo aogelee?"

Sikujizuia. Nikasema, macho yangu yako kwenye televisheni: "Angalau yeye alionyesha alikoipeleka."

Sebule ikawa kimya. Mdogo wangu akaongeza sauti.

TOFALI ZA WAPI?

Sasa nikueleze ugomvi wenyewe, maana bila huo hutaelewa kwa nini filamu ya mtoto na mgonjwa ilitutoa jasho.

Mwaka 2014, kabla hatujaoana, tulikuwa kwenye pantoni tukivuka kwenda Kigamboni. Akanishika mkono akasema: "Tukioana, cha kwanza ni nyumba. Nataka wanangu wawe na kwao." Msomaji, mimi niliolewa pale pale, harusi ya 2015 ilikuwa ni kukamilisha tu.

Mimi nimezaliwa Tanga mjini, kwenye vyumba vya kupanga. Kabla sijamaliza darasa la saba tulikuwa tumehama mara sita. Siku moja narudi shule, nikakuta kitanda cha mama, masufuria na sanduku la nguo vimetolewa nje, manyunyu yanavidondokea, na mlangoni kuna kufuli la mwenye nyumba. Mama alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, anachambua mchicha kama vile hakuna kilichotokea. Tangu siku ile, mtu akisema "nyumba" mimi naona kitu kimoja: mlango ambao ufunguo wake ninao mimi, hapa hapa Dar ninapofanya kazi na watoto wanaposoma.

Mume wangu ni mtu wa Rombo, Kilimanjaro, na ni kitinda mimba. Kwa desturi ya Wachagga, kihamba cha baba humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho. Baba yake alipofariki, nyumba ilikuwa ya mbao, ndogo, na jeneza lilibidi liinamishwe ndipo lipite mlangoni. Waombolezaji walinyeshewa. Wapo wazee walionong'ona, na yeye aliwasikia. Kwa hiyo akisema "kwao" anaona migomba, kaburi la baba, na nyumba ya matofali yenye mlango mpana. "Mkataa kwao mtumwa," ndiyo methali yake, na miaka yote nilikuwa naitikia kwa moyo mkunjufu.

Kuanzia Januari 2019 nilikuwa nampa laki moja kila mwezi kutoka kwenye mshahara wangu, yeye anaongeza yake. Mwaka 2020 tukaenda na dalali kuangalia kiwanja Chanika. Tukakipenda, tukasema tutaona. Mwaka uliofuata akarudi nyumbani siku moja anatabasamu: "Mama, nimeanza tofali." Nikaruka, nikamkumbatia hadi mtoto akatushangaa. Nikajua amelipia kile kiwanja kimyakimya, anataka kunishtukiza. Nikaamua nisimharibie. Nikaenda Kariakoo nikanunua kitambaa cha mapazia, buluu ya anga, mita 24, nikakificha kwenye sanduku juu ya kabati. Nilishaona mpaka madirisha.

Mwishoni mwa Septemba 2024 simu yake ikalia mezani, yeye yuko bafuni. Ujumbe wa kaka yake: "Bati zimefika. Fundi anaomba hela ya mbao za kenchi." Na picha chini yake. Nyumba nzuri, vyumba vinne, imefika juu. Nyuma yake migomba. Kilomita zaidi ya mia tano kutoka kwenye mlango wangu.

Nilipomuuliza, akanijibu kwa mshangao wa kweli kabisa, au hivyo ndivyo alivyoonekana: "Lakini si nilikwambia tangu mwanzo? Nilisema watoto wawe na kwao." Karibu milioni saba zangu zilikuwa zimegeuka tofali za Rombo. Wiki tano zikaanzia hapo.

MHINDI GANI?

Turudi sebuleni. Katika kundi la mashujaa wa Roy kuna mmoja ambaye Roy anamwita Mhindi. Ukimsikiliza vizuri utajua anamaanisha Mhindi Mwekundu wa Marekani, kwa sababu anataja hema lao na jinsi wanavyowaita wake zao. Lakini Alexandria hajawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Mhindi anayemjua yeye ni mtu wa India anayechuma naye machungwa shambani. Kwa hiyo kwenye televisheni anatokea bwana mwenye kilemba na ndevu, na makazi yake ni kasri. Roy anasimulia la kwake, mtoto anajenga la kwake, na hakuna anayejua kwamba wamepishana.

Mimi nilimwona Mhindi wa kilemba nikaona sawa tu. Kwa mtu aliyekulia Tanga, kwenye maduka ya Wahindi, ningeona Mhindi gani mwingine? Mume wangu ndiye aliyeshtuka wa kwanza. "Ngoja," akasema, "huyu jamaa anasema kitu kingine na mtoto anaona kingine." Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nadhani wote wawili tuliliona pantoni kwa wakati mmoja.

Si jambo geni kwetu. Sisi tuliokulia enzi za mabanda ya video tuliangalia filamu kupitia sauti ya Lufufu. Mzungu anasema sentensi moja, Lufufu anakupa tatu na utani juu, na wewe unaondoka ukiapa ndivyo filamu ilivyosema. Hakuna aliyedai kiingilio chake. Lakini banda la video unatoka baada ya saa mbili. Ndoa unakaa humo.

Mume wangu alisimamisha filamu mara moja kwa ajili ya shujaa Mwafrika, Otta Benga. Alikuwa amesoma kwamba jina hilo limetoka kwa mtu wa kweli, Ota Benga wa Congo, ambaye mwaka 1906 aliwekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaenda kumtazama pamoja na nyani. "Angalau kwenye kichwa cha mtoto," akasema, "amepewa kuwa shujaa." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote katika wiki tano, na ilinikumbusha kwa nini nilimpenda.

E AU 3?

Kisha ikaja sehemu ambayo sitaisahau. Roy hasimulii kwa wema. Anataka kufa. Anamvuta mtoto kwa hadithi, akifika patamu anakata, anamwambia akamletee dawa kwanza. Anamwandikia jina la dawa kwenye karatasi, MORPHINE, ili aitambue. Mtoto anakwenda, anarudi na vidonge vitatu tu. Vingine amevitupa. Kwa nini? Kwa sababu ile herufi ya mwisho, E, yeye aliisoma 3.

Tulicheka wote. Mara ya kwanza tangu Septemba. Mdogo wangu akatuambia kwamba jambo lile halikuwa kwenye maandishi. Yule mtoto, Catinca Untaru, alikuwa binti wa Kiromania wa miaka kama sita, Kiingereza bado kinamsumbua, na aliisoma kweli hivyo. Mwongozaji akaona ni dhahabu, akaiacha. Tena mwigizaji wa Roy, Lee Pace, alikaa kitandani siku nyingi za mwanzo hadi mtoto na wapiga picha wengi wakaamini hawezi kutembea kweli.

"Kwa hiyo hata wenyewe kwa wenyewe walidanganyana," mume wangu akasema.

Nikajibu: "Wao walidanganywa wakapata filamu. Wengine tunadanganywa tunanunua mapazia."

"Mapazia gani?"

Sikujibu. Alikuwa ananitazama mimi sasa, televisheni ameisahau. Hakuwa anajua. Miaka mitatu lile sanduku lilikaa juu ya kichwa chake na hakujua.

Mwisho wa filamu ni mzito. Mtoto ameumia tena, kwa sababu ya kumtafutia Roy dawa. Roy kwa uchungu na pombe anaanza kuwaua mashujaa mmoja baada ya mwingine. Mtoto analia, anamwomba awaache. Roy anamwambia hadithi ni yake, afanye apendavyo. Na yule mtoto, uso umelowa, anamjibu kwamba hadithi ile ni yake pia. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anajifuta uso kwa kiganja, anasingizia mbu.

SANDUKU

Mdogo wangu alipanda bodaboda yake, nami nikapanda kiti nikalishusha sanduku. Nikalifungua kitandani. Mume wangu akaushika ule mtandio wa buluu, akauweka tena, akaushika tena.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile siku ya tofali. Ulivyoruka ukanikumbatia, nikajua unafikiria Chanika. Nikasema nitakwambia kesho."

Kesho yake ilikuwa imechukua miaka mitatu.

Msomaji, niliumia kuliko siku ya ule ujumbe. Kupishana picha, kama mtoto na Mhindi wake, ni jambo la kibinadamu, halina mkosaji. Lakini Roy alijua mtoto haelewi na akautumia ule utoto wake. Mume wangu naye aliniona nashangilia nyumba isiyokuwepo, akanyamaza kwa sababu ukimya wangu ulikuwa unamlipia mafundi. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Hakujitetea. Akanieleza habari ya jeneza lililoinamishwa mlangoni. Miaka tisa ya ndoa, nilikuwa sijawahi kuisikia. Nami nikamweleza habari ya mama na ndoo. Alijua tulihama hama. Hakujua kuhusu kufuli.

Na mimi nina langu la kukiri. Swali dogo tu, "tofali za wapi?", lingemaliza yote mwaka 2021. Sikuliuliza. Nilijidanganya kwamba nalinda zawadi yake, kumbe nilikuwa nalinda picha yangu. Ilikuwa nzuri mno, niliogopa kuigusa isije ikavunjika.

Hatukupatana usiku ule, nisikudanganye. Tulipatana kidogo kidogo. Desemba tulipanda Rombo. Nyumba ikaezekwa, kwa kuwa bati zilikuwa zimeshanunuliwa, na hapo tukasimama. Nililala mle ndani, haina dari, baridi inaingia, asubuhi nikatoka nikaona kaburi la baba mkwe na migomba ina umande. Picha yake ni nzuri, nakubali. Bado si yangu. Aprili 2025 tukanunua kiwanja Chanika, kidogo kuliko kile cha kwanza, na kwenye karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa yapo majina mawili. Bado tunapanga. Mapazia bado yako sandukuni.

WEWE JE?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni sheria nzuri, ijue. Lakini inalinda nyumba iliyokwisha simama. Ile iliyo kichwani mwako hakuna mahakama itakayoiona kama wewe hujaisema.

Kwa hiyo leo usiku fanyeni kitu hiki. Chukueni karatasi mbili na kalamu mbili. Andikeni juu neno moja ambalo mmekuwa mkikubaliana siku zote: nyumba, kuzeeka, biashara, mtoto wa pili, kusaidia wazazi. Kila mtu achore au aandike anachokiona, wapi, lini, na hela ya nani, bila kuchunguliana. Halafu badilishaneni. Mkiona mmechora Mhindi wawili tofauti, msigombane. Mmeokoa miaka mitatu na mita 24 za kitambaa.

Na ukimwona mwenzako anashangilia kitu ambacho hukusema, usingoje kesho. Mwambie pale pale, furaha ikiwa bado mdomoni.

Juzi mume wangu amerudi kazini amechoka, akasema: "Mama, mwaka huu lazima tupumzike."

Zamani ningejibu "kabisa" nikaanza kupanga. Safari hii nikamuuliza: "Ukisema kupumzika, unaona nini?"

Akafikiri. "Usingizi," akasema. "Wiki nzima. Wewe unaona nini?"

Nikamwambia naona Pangani, bahari, na samaki wa kukaanga. Tukatafuta karatasi.